Barabara ya mtaa "imefikia asilimia 65": namna ya kuisoma taarifa ya robo mwaka na kuikagua kazi yenyewe (Tanga)

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, inakuwaje taarifa isomwe kwenye Baraza la Madiwani kwamba barabara ya mtaani kwenu imefikia asilimia 65, na mnachokiona ninyi ni marundo ya kifusi na mtaro uliochimbwa upande mmoja. La pili, ukitaka kufuatilia uanzie wapi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu kila robo mwaka swali hili linarudi. Jibu fupi ni kwamba hiyo asilimia inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isikusaidie kitu. Usiitegemee peke yake, uliza ni mita ngapi zimekamilika.

Kabla ya yote jua barabara ni ya nani. Hapa Tanga watu wanamvamia diwani kwa kila shimo, lakini tangu 2017 barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), si chini ya idara ya ujenzi ya Jiji. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kwenda Segera, ya Horohoro au ya Pangani, ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Jiji linabaki na masoko, stendi, taka, majengo ya shule na zahanati na mengine ya namna hiyo. Mtaro wa maji ya mvua huwa unamfuata mwenye barabara. Maji taka na bomba la maji safi lililopasuka ni la Tanga-UWASA, mamlaka ya maji safi na maji taka. Ukipeleka barua ya chemba inayofurika kwa meneja wa barabara, umepoteza wiki mbili bure. Meneja wa TARURA huja barazani kutoa taarifa na kujibu madiwani, ndiyo maana wengi wanadhani yupo chini ya Mkurugenzi wa Jiji. Hayupo.

Sasa hiyo 65. Maendeleo ya kazi hupimwa kwa thamani ya fedha ya vipengele vilivyomo kwenye mkataba. Urefu wa barabara unaopitika hauingii kwenye hesabu hiyo. Chukua mkataba wa kubuni wa shilingi milioni 200: maandalizi ya eneo la kazi milioni 20, kusafisha na kuchonga milioni 10, makalavati mawili (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) milioni 40, kifusi milioni 70, mtaro wa mawe milioni 60. Mkandarasi ameleta mitambo, amechonga, amelaza makalavati yote mawili: hapo ana milioni 70. Amemaliza mtaro upande mmoja: milioni 30 nyingine. Kifusi amekimwaga tu, hajakisambaza wala kukishindilia, na mhandisi amemhesabia milioni 30 kati ya 70. Jumla milioni 130. Gawanya kwa 200, hiyo hapo asilimia 65 yako, na hakuna aliyedanganya. Ila huwezi kupitisha hata bajaji.

Ndiyo maana taarifa za majengo zinaeleweka kuliko za barabara. Ukisomewa kwamba darasa lipo hatua ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), au limeshapauliwa, unakwenda unaona. Barabara haina lenta.

Katika taarifa tafuta namba tatu, si moja: asilimia ya kazi, asilimia ya malipo, na asilimia ya muda wa mkataba uliotumika. Mara nyingi husomwa ile ya kwanza tu. Kazi ikiwa 65 na muda 95, ujue maombi ya nyongeza ya muda yako njiani, kwa hiyo swali la diwani wako liwe sababu ya nyongeza hiyo ni ipi na imeidhinishwa hadi tarehe gani. Malipo yakiitangulia kazi, usikimbilie kusema watu wamekula. Uliza kwanza kama kulikuwa na malipo ya awali, ambayo hukatwa kidogo kidogo kwenye hati za malipo zinazofuata. Kama hayakuwepo, hapo una swali zito.

Halafu angalia barabara yenu imeandikwa chini ya aina gani ya matengenezo, maana hapa ndipo matarajio ya watu yanapopotea. "Matengenezo ya kawaida" ni kuchonga kwa greda, kufyeka, kuzibua mitaro na kuziba mashimo. Usitegemee kifusi kipya barabara nzima. "Sehemu korofi" ni vipande tu, labda mita 80 pale panaponasa magari na kalavati moja. "Muda maalumu" ndiyo ile ya kuweka tabaka jipya mwanzo hadi mwisho. Watu wanaona greda limepita, wanasubiri kifusi kifuate, na kwenye mkataba kifusi hakikuwepo kabisa. Kuchonga peke yake kabla ya masika hudumu miezi miwili, mitatu, basi.

Kipengele cha kifusi unaweza kukikagua mwenyewe bila cheti cha uhandisi. Barabara ya kilomita 1, upana mita 6, tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa: 1,000 mara 6 mara 0.15 ni mita za ujazo 900. Kifusi kikiwa huru kwenye gari kinachukua nafasi zaidi, zidisha kwa 1.3 kwa makadirio, unapata 1,170. Tipa likibeba mita za ujazo 15, ni safari 78. Kijana mmoja wa kijiweni mwenye daftari anaweza kuzihesabu. Zikija 75 au 80, sawa. Zikija 45, ama tabaka litakuwa jembamba ama barabara itaishia njiani. Kikishashindiliwa, uliza mhandisi amechimba wapi vishimo vya kupima unene, na ukiweza uwepo siku hiyo. Msichimbe wenyewe, mtaharibu kazi na kutafuta kesi.

Kushindilia kunahitaji maji. Kifusi kikavu hakishikani hata mtambo upite mara ishirini. Kikilowa kupita kiasi kinakuwa uji na kinabonyea nyuma ya gurudumu. Ukiona mtambo wa kushindilia upo na boza la maji halipo, na jua la Januari linawaka, piga picha, andika tarehe na saa. Barabara hiyo itatoa vumbi jingi wiki ya pili na mawe yataanza kulegea.

Angalia na mgongo wa barabara. Ya kifusi inatakiwa iwe na mwinuko katikati wa karibu asilimia 5 kuelekea kila upande. Kwa upana wa mita 6, nusu ni mita 3, kwa hiyo katikati panatakiwa pazidi ukingo kwa sentimita 15 hivi. Vuta kamba kutoka katikati hadi ukingoni, weka pima maji ya fundi, pima kwa rula pale ukingoni. Ukikuta sentimita 3, maji yatakaa barabarani, na maji yakikaa shimo linazaliwa.

Kwenye lami, kero kubwa ni viraka vinavyong'oka. Kiraka kinachodumu kina hatua zake: shimo linakatwa pande zote liwe la mraba au mstatili, kuta zikiwa wima, na kukata kuingie hadi kwenye lami iliyo nzima, kilicholegea kinatolewa hadi chini pagumu, kama kifusi cha chini kimelowa kinaondolewa na kurudishwa kipya kilichoshindiliwa, panafagiliwa vumbi, panapakwa lami ya maji kidogo kwenye sakafu na kuta, kisha mchanganyiko wa lami na kokoto unajazwa kwa tabaka lisilozidi sentimita 5 hadi 7, kila tabaka likishindiliwa, na la mwisho linaachwa limezidi kidogo usawa wa barabara kwa kuwa magari yatalibana. Kinachofanyika mara nyingi ni kumwaga mchanganyiko kwenye shimo la duara lenye vumbi, au lenye maji kabisa, na kulipiga kwa koleo. Kingo nyembamba za duara hubanduka kwanza, maji yanaingia chini, na mvua mbili tatu zinatosha. Lami ya maji ikizidi nayo ni kosa, inapanda juu na kiraka kinateleza. Kwa hiyo usiulize "mmeziba mashimo mangapi?" Uliza wamelipa mita za mraba ngapi na chini waliweka nini.

Mitaro ndiyo sura ya Tanga yenyewe. Mji uko chini, umelala kando ya bahari, mteremko ni wa kutafuta kwa tochi. Mtaro wa zege ukipewa mteremko wa 1 kwa 200, yaani sentimita 5 kila mita 10, unajisafisha kiasi. Chini ya hapo mchanga unatulia na baada ya msimu mmoja una bustani. Kwa hiyo kabla mafundi hawajamwaga sakafu, angalieni kamba zao. Mtaro unaopanda katikati halafu ukashuka hauonekani kwa macho, utaonekana siku ya mvua, na siku hiyo zege limeshakauka.

Swali la pili kuhusu mtaro: unamwaga wapi? Kuna mitaro mizuri inayoishia kwenye ukuta wa mtu au juu ya barabara ya chini. Na kwa mitaro inayokwenda baharini, uliza mdomo wake uko juu au chini ya maji ya bamvua, yale yanayojaa sana wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu. Pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inapita mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua limejaa, mtaro wenye mdomo wa chini hautoi maji, unayapokea. Wavuvi wa mtaani kwenu wanajua tarehe hizo, na mhandisi naye inafaa aulizwe kama alizijua alipochora.

Hapa na sisi wananchi tuna letu. Mtu anajenga kivuko cha kuingia kwake, analaza bomba la inchi 6 ndani ya mtaro wa nusu mita, anamwaga zege juu. Mtaro mzima sasa unapita kwenye tundu la inchi 6, na mfuko mmoja wa taka unalifunga. Kivuko kiwe slabu inayonyanyuka, chini paachwe upana wote wa mtaro. Kwenye makalavati hivyo hivyo: lenye kipenyo cha milimita 900 mtu anaingia akalizibua, la 600 ni kazi ya kusukuma kwa mti. Kama mkataba unasema 900 na yaliyoshushwa ni 600, hilo ni la kusema siku hiyo hiyo kabla halijafukiwa.

Sasa kufuatilia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Taarifa ya Julai hadi Septemba inafika barazani karibu Oktoba au Novemba, ya pili Januari au Februari, ya tatu Aprili au Mei, ya nne baada ya Julai. Kwa hiyo unachosomewa kina umri wa mwezi au miwili. Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi, unaruhusiwa kukaa na kusikiliza; vikao vya kamati za kudumu si vya wazi, na huko ndiko hoja huchambuliwa. Sehemu nyingi baraza la robo hukaa siku mbili: siku ya kwanza taarifa za kata, siku ya pili taarifa za kamati. Jambo lako lisipoingia kwenye taarifa ya kata, litategemea tu diwani akumbuke kuuliza papo kwa papo. Njia yake ni mkutano wa mtaa, mtendaji wa mtaa aliandike kwenye muhtasari, lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kisha barazani. Likishaingia kwenye muhtasari wa baraza, kikao kijacho litarudi chini ya "yatokanayo" na mtu atalazimika kulijibu. Hoja iliyosemwa kwa mdomo haina yatokanayo.

Kuomba barabara mpya iingie kwenye bajeti ni Oktoba na Novemba, mitaa inapoibua vipaumbele. Mwezi wa Machi umeshachelewa, bajeti imekwisha pita barazani. Na Machi ndipo masika inaingia. Mkandarasi aliyesaini Februari ataomba nyongeza ya muda hata kama ni mwaminifu. Fedha isiyotumika hadi Juni 30 inahesabiwa bakaa na huombewa kibali upya, ndiyo sababu ya zile mbio za Mei na Juni za kumwaga kifusi kwenye matope.

Nenda pia kwenye ubao wa mradi, uandike jina la mkandarasi, msimamizi, gharama, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kisha andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kukujibu. Usiombe "taarifa za mradi", utapewa karatasi ya pongezi. Omba hivi: mchanganuo wa kazi na gharama wa mkataba huo (ule wanaouita BOQ), idadi ya hati za malipo zilizolipwa na kiasi cha kila moja, barua ya nyongeza ya muda kama ipo, na urefu wa kipindi cha matazamio. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

Hicho kipindi cha matazamio usikidharau. Ni muda baada ya makabidhiano ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya fedha yake huwa bado imezuiliwa. Angalia ni miezi mingapi. Barabara ikikabidhiwa Juni na matazamio yakiwa miezi sita, yanaisha Desemba: imeonja vuli tu, masika haijaiona. Kwenye miezi kumi na miwili mnapata masika nzima. Piteni na daftari wiki ya kwanza baada ya mvua kubwa, andikeni kila kasoro na umbali wake kutoka mwanzo wa barabara (mita 140 upande wa kushoto, ukingo umekatika), mpeleke orodha kwa msimamizi wakati ile fedha bado iko mkononi mwake.