Kamba ya sala ya bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: "Baba, huyu Gregorios Palamas alifanya nini hata apewe Jumapili ya pili ya Kwaresima katika Kanisa letu la Kiorthodoksi? Na kama Mungu hajulikani, tunamwomba nani?" Hilo la pili ndilo lililomshughulisha yeye mwenyewe, kwa hiyo nayajibu kwa pamoja.

Alizaliwa Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola ya Bizanti, yapata mwaka 1296, katika nyumba ya watu wa ikulu. Baba yake, Konstantinos, alikuwa mshauri wa Kaisari Andronikos wa Pili. Husimuliwa kwamba siku moja kaisari alimsemesha barazani na mzee hakusikia, kazama katika sala. Kaisari akamwacha amalize. Kisa hicho nakipenda mno, labda kwa sababu mama yako hunikatiza katikati ya sala kuuliza funguo ziko wapi. Mzee alifariki Gregorios akiwa mdogo, na kaisari akamtunza mtoto. Alisoma Aristotle akaiva, kisha alipofikisha miaka ishirini hivi akaenda zake Mlima Athos, makao ya watawa huko Ugiriki, kuwa mtawa.

Huko watawa walikuwa wakiketi, kichwa wamekiinamisha, pumzi wameituliza, wakirudia: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie." Baadhi yao walisema huona nuru, ileile iliyong'aa mlimani Tabori Bwana alipogeuka sura. Akatokea Barlaam, msomi kutoka Calabria, kusini mwa Italia, akawacheka: eti watu wenye roho kitovuni! Lakini usimdharau Barlaam. Alishika jambo moja zito, kwamba Mungu yuko juu ya akili zetu zote. Basi nuru inayoonwa na macho ya mtu itakuwaje ya Mungu?

Palamas alimjibu kwa insha tisa zilizopangwa tatu tatu, ziitwazo Triades. Alikubali kwamba kiini cha Mungu hakifikiki, iwe kwetu au kwa malaika. Ila utendaji wake unatufikia, na utendaji huo ni Mungu mwenyewe, si kiumbe alichokituma kwa niaba yake. Mfano wake ulikuwa jua na miale: jua lenyewe hulishiki, lakini joto ulilonalo mgongoni ni lake, hukuliazima kwingine. Ndiye tunayemwomba, mwanangu. Na mwili nao aliutetea. Mwana wa Mungu aliutwaa mwili. Iweje sisi tuuache nje ya mlango tunapoingia kusali?

Sinodi, yaani baraza la maaskofu, ya 1341 ilimpa haki, na Barlaam akarudi Italia. Ungedhani yameisha. Vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Patriaki Kalekas, mkuu wa Kanisa la Konstantinopoli, akamtia kifungoni mwaka 1343. Alitoka 1347, akawekwa kuwa askofu mkuu wa Thesalonike, mji uleule ambao Paulo aliuandikia nyaraka mbili. Wazelote, waasi waliokuwa wakiutawala mji huo, wakamkatalia kuingia, akakaa miaka mitatu askofu asiye na mji. Alipoingia hatimaye, siku ya tatu alipanda mimbari akahubiri juu ya amani. Watoza riba nao hakuwaachia katika mahubiri yake.

Machi 1354 alikuwa safarini kwa jahazi kwenda Konstantinopoli, akatekwa na Waturuki karibu na Gallipoli, mji waliokuwa wameutwaa muda mfupi tu baada ya tetemeko la ardhi kuubomoa. Alishikwa mwaka mzima hivi, akipelekwa Bursa, kisha Nikea. Barua aliyowaandikia waumini wake kutoka huko haina kilio. Anaeleza alivyoketi langoni pa Nikea akizungumza na shehe aliyetoka kuzika, wakabishana juu ya Yesu na Muhammad, huku watu wamewazunguka. Mwishoni mmoja wa Waturuki akasema utafika wakati watakapoelewana, na mateka akaitikia kwamba naye anautamani.

Alikombolewa kwa fedha, akarudi Thesalonike, na mwaka 1368 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Umeuliza pia kama mimi nimewahi kuiona hiyo nuru. Sijaiona. Bibi yako hakuwahi kusema kama aliiona, ila alisali ameketi kwenye kigoda, kidevu kifuani, na tukimwita hasikii. Kamba yake ya sala nimeitia humu ndani ya bahasha. Mafundo mawili yamelegea, usiyakaze.

Baba yako