Piga Picha Kabla Hakijaibwa: Ushauri kwa Wenye Dhamana ya Majengo ya Kale

Ukiwa na dhamana ya jengo la kale, liwe la ukoo wenu, la ibada, au la taasisi iliyokuajiri, lizunguke chumba kwa chumba ukijiuliza: ni kitu gani humu kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi, mtalimbo au msumeno mdogo, kikabebwa na watu wawili? Orodha itakushtua. Vitasa vya shaba, bawaba, vioo vya rangi, vigae vya ukutani, nguzo ndogo za reli ya ngazi, sura za mawe zilizochongwa juu ya madirisha, mapambo ya chuma ya roshani, mabamba ya madini ya risasi ya paani, hata mlango mzima wa nakshi pamoja na fremu yake.

Nimesimamia ukarabati wa majengo ya namna hii kwa miaka mingi, na wizi nilioushuhudia umenifundisha jambo moja ambalo naliweka mbele ya mengine yote: kufuli humchelewesha mwizi, lakini kinachorudisha mali ni kumbukumbu iliyotayarishwa kabla haijaibwa.

Wezi wenyewe ni wa namna mbili, na hawafikiri sawa. Wa kwanza anataka uzito. Ua la shaba lililosubiwa na fundi hodari, kwake ni kilo kadhaa tu, naye atalipondaponda kwa nyundo lienee kwenye gunia. Usipomwahi upesi, limeshayeyushwa. Wa pili anataka kitu chenyewe. Mara nyingi ameagizwa na mtu aliyekiona na kukitamani, na atakifungua kwa uangalifu kuliko baadhi ya mafundi niliofanya nao kazi. Alichochukua huyu wa pili kina matumaini, kwa sababu bado kipo mahali fulani, kizima, na siku moja kitawekwa dukani au mnadani.

Wote wawili hupenda kipindi kimoja, nacho ni pale jengo linapoonekana halina mwenyewe. Warithi wanavutana, wapangaji wametoka, nyumba imetangazwa kuuzwa. Lakini kipindi cha hatari kuliko vyote ni wakati wa ukarabati. Majukwaa yamesimama hadi madirisha ya juu, ngazi zimeachwa wazi, sura ngeni zinaingia na kutoka, na kelele za nyundo hazimshtui mtu. Katika jengo moja nililolifahamu vizuri, mapambo ya chuma ya ngazi yalitolewa mchana kweupe na watu waliovaa kofia za ujenzi na vizibao vya kung'aa. Jirani, kwa wema wake, aliwashikia lango. Kutokana na hilo nina kanuni ambayo silegezi: hakuna kipande kinachotoka nje ya lango bila karatasi yenye saini ya msimamizi, na majirani wote wanaijua kanuni hiyo na wana namba ya simu ya kupiga. Jirani mwenye namba ya simu ana thamani kuliko kamera, maana kamera nyingi hutuonyesha tu namna tulivyoibiwa.

Usidhani pia kwamba kitu kikishafunguliwa na kuwekwa akiba kimepona. Kuna kisa cha New York ambacho kila mtunza majengo anapaswa kukijua. Mwaka 1849 James Bogardus alijenga safu ya maduka ambayo sura yake ya mbele ilikuwa ya vipande vya chuma cha kusubu, miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo. Mwaka 1971 sura hiyo ilifunguliwa kipande kwa kipande ili isimamishwe upya mahali pengine, na vipande vikahifadhiwa kwenye kiwanja. Mwaka 1974 iligundulika kwamba wezi walikuwa wakivichukua na kuviuza kama vyuma chakavu, na sehemu kubwa ilikuwa imeshakwenda. Vilivyosalia vikahamishwa, na navyo vikaja kuibwa. Jengo zima, lililokuwa limeshapewa hadhi ya kulindwa kisheria, liliishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Kwa hiyo ukifungua kitu, kipe namba siku hiyohiyo, kiingize ndani penye kufuli, na mtaje mtu mmoja atakayekihesabu kila wiki kwa kufuata orodha ileile. Kama hakuna mahali salama pa kukiweka, kiache ukutani mpaka papatikane.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, maana ndipo watu wengi wanapofanya kazi nusunusu. Upo utaratibu wa kimataifa unaoitwa Object ID, ulioandaliwa na J. Paul Getty Trust, ukazinduliwa mwaka 1997, na sasa uko chini ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Unataka mambo machache tu: picha, aina ya kitu, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, maandishi yaliyomo, kinaonyesha nini, umri wake, aliyekitengeneza, na alama zinazokitofautisha na vingine. Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Chuma cha kusubu hutoka kwenye kalibu, na kalibu moja ingeweza kutoa mamia ya vipande vinavyofanana. Vigae navyo ni hivyohivyo. Ukimwambia polisi kwamba umeibiwa nguzo ya ngazi yenye majani ya mzabibu, hujamwambia kitu. Mwambie kwamba jani la tatu kutoka chini limevunjika ncha, kwamba kwenye kitako kuna tundu la hewa lililobaki wakati wa kusubu, na kwamba skurubu moja imebadilishwa na haifanani na wenzake. Kasoro ndizo zinazokitambulisha kitu, kwa hiyo zitafute na uzipige picha moja moja.

Namna ya kupiga picha haihitaji kamera ya gharama, simu inatosha. Simama usawa wa kitu, si kwa chini ukielekeza simu juu. Weka rula kando yake. Piga moja taa ikiwa mbele, kisha lete taa ubavuni ili vivuli vionyeshe kina cha nakshi na kila mkwaruzo. Piga nyingine kutoka mbali inayoonyesha kitu hicho kikiwa mahali pake ukutani, kwa sababu mahakamani hutaulizwa tu kama unakijua. Utaulizwa kama kilikuwa chako. Nakala zisikae ndani ya jengo hilo. Mpe mwanasheria wako, mtumie ndugu, ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Nguvu ya kumbukumbu ya namna hii ilionekana katika kesi ya kanisa la Panagia Kanakaria huko Cyprus. Mozaiki zake za karne ya 6, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya mawe na vioo, ziling'olewa ukutani katika miaka iliyofuata vita vya 1974. Mwaka 1988 muuza sanaa mmoja wa Marekani alinunua vipande vinne kwa zaidi ya dola milioni 1. Lakini wanazuoni walikuwa wameshazichunguza mozaiki hizo na kuchapisha maelezo na picha zake mwaka 1977, kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu zilikotoka. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho mjini Indianapolis iliamua zirudishwe kwa kanisa, na mwaka 1991 zikarudi Cyprus.

Kuhusu alama za siri nitasema kwa ufupi. Zipo dawa za maji zisizoonekana kwa macho ambazo hung'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV). Zinasaidia, hasa kwa risasi na shaba, na kibao kinachotangaza kwamba zimepakwa husaidia zaidi. Kwa mawe yanayonyonya maji au mbao zisizo na rangi, muulize kwanza mhifadhi aliyesomea kazi hiyo. Wala usigonge namba kwenye uso wa nakshi. Utakuwa umeharibu mwenyewe kile unachokilinda.

Wizi ukishatokea, hamu ya kwanza ya watu ni kufagia na kuziba tundu. Usifanye hivyo. Vibanzi, vipande vya jiwe, misumari iliyopinda, vyote viokote uvitie kwenye bahasha na uandike vilipookotwa. Nilishuhudia ubao wa nakshi ukipatikana kwa mfanyabiashara aliyedai ulitoka nyumba nyingine kabisa. Kibanzi kilichobaki kwenye fremu kililetwa, kikawekwa penye mpasuko, kikaingia bila kubakiza nafasi hata ya unywele. Maneno yakaisha hapo.

Ripoti polisi siku hiyohiyo, ukiwa na picha mkononi, na uwaombe wapeleke taarifa INTERPOL, kwa sababu mtu binafsi hawezi kuingiza kitu mwenyewe kwenye orodha yao ya kazi za sanaa zilizoibwa. Orodha hiyo ina vitu zaidi ya 50,000, na tangu mwaka 2021 yeyote anaweza kuikagua bure kupitia programu ya simu iitwayo ID-Art. Kisha zitume picha kwa kila duka la vitu vya kale na kila mnunuzi wa vyuma chakavu unayeweza kumfikia. Usione haya. Ureno wametangaza wizi hadharani na imewafaa: mwaka 2007 jumba la makumbusho la polisi wa upelelezi lilianzisha mradi wa SOS Azulejo, ambao husambaza picha za vigae vilivyoibwa ili wanunuzi wavitambue. Baadaye, mwaka 2017, nchi ikapitisha sheria inayozuia vigae vya kuta za nje kuondolewa bila kibali. Uingereza na Wales nako, sheria ya mwaka 2013 inamkataza mnunuzi wa vyuma chakavu kulipa fedha taslimu na inamtaka athibitishe jina na anwani ya muuzaji.

Nasema haya nikiwalenga pia ninyi mnaopenda kupamba nyumba zenu kwa vitu vya kale, maana bila mnunuzi yule mwizi wa pili hana kazi. Geuza kitu nyuma ukitazame. Plasta mbichi, mbao iliyokatwa kwa msumeno juzi na bado nyeupe, bawaba iliyokatwa badala ya kufunguliwa, kimoja cha jozi kisicho na mwenzake: hizo ni dalili za wizi. Muuzaji wa haki atakutajia jengo, sababu ya kubomolewa kwake na aliyemuuzia, na atayaandika hayo kwenye risiti. Akikwepa, ondoka, na ukiweza piga picha kabla hujaondoka uipeleke polisi.

Na kitu chako kikirudi, usikimbilie kukipachika. Mwite mhifadhi akague nyufa na kutu. Ukitumia skurubu za kichwa kisichofunguka kirahisi, ziingize kwenye matundu ya zamani bila kutoboa mapya. Kabla ya hapo kigeuze, upige picha ya mgongo wake, ambako mara nyingi ndiko kuna alama ya patasi ya fundi au namba ya kiwanda.