Usiimwagie kachumbari maji ya mtindi

Napika chakula cha mchana cha kupeleka maofisini hapa Dar es Salaam, na siku hizi wenzangu wa kazi hii wananiuliza sana kuhusu bakteria rafiki. Mtu kasikia kwamba probiotiki hupambana na vijidudu vya tumbo, basi anataka kunyunyizia maji ya mtindi kwenye kachumbari ili ifike salama saa saba. Huwa nawakataza, ingawa wazo lenyewe si la kijinga.

Bakteria wa asidi ya laktiki, haohao wanaogandisha mtindi na kuchachua togwa, hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi, vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuzaliana. Wengine hutengeneza na protini za kuua bakteria wenzao; mojawapo ni nisini, inayojulikana tangu 1928 na inayotumika viwandani kuhifadhi jibini. Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya kuweka bakteria rafiki aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG kwenye vipande vya tufaha vyenye listeria na salmonela, vijidudu viwili vinavyoleta ugonjwa kupitia chakula. Listeria ilibaki kama sehemu moja ya kumi ya ile iliyokuwa kwenye vipande visivyowekwa bakteria huyo. Salmonela haikutikisika.

Sasa fikiria kachumbari yako. Nyanya na kitunguu ulivyokata asubuhi havipati muda wa kuchachuka kabla ya kuliwa. Ukiviweka kwenye friji, bakteria rafiki wengi hulemaa kwa baridi, huku listeria ikiendelea kukua polepole hata kwenye nyuzi 4. Na mtindi wenyewe ukiwa wa maziwa yasiyochemshwa, umeongeza mzigo juu ya mzigo.

Ukitaka bakteria hawa wakufanyie kazi, wape muda. Mimi huchachusha kabichi na karoti. Hakuna haja ya kununua bakteria, wako kwenye majani tayari. Chumvi ndiyo inayowapa nafasi kuliko wenzao. Toa majani ya nje, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, chana nyembamba. Kwa kila kilo ya mboga weka gramu 20 hadi 25 za chumvi, na tafadhali tumia mizani, maana kijiko cha jikoni kila mtu anakijaza anavyojua. Fikicha mpaka itoe maji, shindilia kwenye chupa ya kioo, kisha weka kitu kizito kilicho safi juu ili mboga zizame kabisa. Usikaze mfuniko, gesi itataka kutoka.

Kwa joto letu utaonja uchachu baada ya siku chache tu, na hapo ndipo watu wanapokimbilia kupakua. Subiri! E. koli aina ya O157, kijidudu cha kuharisha damu, huvumilia asidi kwa muda, kwa hiyo ulimi si kipimo. Naiacha wiki mbili mahali pasipo na jua, halafu napima kwa karatasi za pH, yaani za kupima ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Ikisoma 4 au chini ya hapo, naihamishia kwenye friji. Ikiota ukungu wenye manyoya au ikigeuka rangi ya waridi, namwaga chupa nzima. Na mpishi anayeharisha hagusi mboga siku hiyo, hata akiapa kuwa amenawa.

Kila kipindupindu kikilipuka, mabwana afya huanza na wauza kachumbari na matunda ya kukatwa, na sioni wanakosea wapi.

Wateja wa pilau walinuna mwanzoni, wakasema kabichi inanuka. Nikaanza kuichanganya na pilipili mbuzi na tangawizi, nikaiweka kwenye kikopo chake pembeni ili asiyeipenda asiilaumu sahani nzima. Anayeng'ang'ania kachumbari mbichi namkatia oda yake ikishaingia, kwa ubao na kisu visivyogusa nyama, na namwambia aile ikifika, asiibakize ya jioni.