Huyo Tambo wa uwanja wa ndege

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulipotua Johannesburg ulikuta uwanja mzima una jina la O. R. Tambo, na mwenzako wa kazini akakwambia, "Huyo si alikimbia 1960, akawaacha kina Mandela wafungwe?" Ukaona uniulize mimi, maana unajua nimebeba zege Mazimbu, kwa watu wake hapa Morogoro.

Hakukimbia, mwanangu. Alitumwa. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi watu pale Sharpeville wakaua 69, kosa lao kukataa kutembea na pasi, kile kitambulisho walicholazimishwa Waafrika, katika nchi yao wenyewe. ANC, chama chao cha ukombozi, iliona itapigwa marufuku, ikamwagiza Oliver Tambo atoke akaisemee huko nje. Siku chache tu baadaye akavuka kwenda Bechuanaland, Botswana ya leo. Alikuwa wakili, ofisi moja na Mandela tangu 1952. Zamani alifundisha hisabati, na alikuwa mbioni kuwa kasisi wa Kianglikana. Akakaa nje miaka 30, mke na watoto London, yeye kiguu na njia.

Lakini kilichonifanya nimheshimu kilitokea hapahapa Morogoro, mwaka 1969. Wapiganaji wa ANC walikuwa wameingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakapigwa. Vijana, Chris Hani akiwemo, wakaandika waraka mkali kwamba viongozi wamestarehe ughaibuni na nyumbani wamekusahau. Hani na wenzake wakasimamishwa uanachama. Mkutano wa chama ulipokaa hapa, Tambo akajiuzulu. Wajumbe wakamrudisha kitini, na wale vijana nao wakarudishwa chamani. Hani akaja kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi lao. Hebu nitajie mkubwa mmoja wa siku hizi atakayeandikiwa waraka kama ule na mwandishi wake apandishwe cheo. (Usinijibu kwenye simu.)

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge. Serikali yetu iliwapa 1977, wakajenga shule, wakaiita Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mimi nilikuwa saidia fundi, miaka kumi na sita, sijui siasa wala nini. Nilichojua ni kwamba jioni wakianza kuimba wimbo wao, vibarua wote tulisimama wima, ndoo mkononi, kwa sababu tuni ni ileile ya Mungu Ibariki Afrika. Wao kwa Kixhosa, sisi kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, tukiogopa msimamizi atatukata posho. Hakutukata. Siku moja nilimwona naye kavua kofia.

Tambo alipigwa na kiharusi 1989. Alirudi kwao Desemba 1990, mkono wa kulia haumtii. Akafariki tarehe 24 Aprili 1993. Kura ya kwanza ya watu wote ikapigwa tarehe 27 Aprili mwaka uliofuata. Wenzake wengi hata huko kurudi hawakukupata. Makaburi yao yapo Mazimbu, siku hizi ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wanafunzi hupita kando yake wakienda darasani.

Huyo mwenzako mwambie Sharpeville si mbali na hapo mlipo, aende Jumamosi moja. Nenda naye.

Mama yako anauliza kama lile sweta unalivaa. Anasema huko Juni ni baridi.

Baba yako