Mama mkwe wako hajakuharibia mtoto

"Shangazi, mwanangu ana miaka 5 na ana usonji (autism). Akiongea hurudia tu maneno aliyoyasikia. Mama mkwe anamdekeza: anamzimia redio, anampa chakula kilekile kwenye sahani ileile, eti hata kabla ya kumwogesha lazima amwonyeshe taulo. Huko kwake anakula na kulala, akirudi kwangu ni vilio. Harusini mtoto aliziba masikio na kujitupa chini, akanitia aibu mbele ya watu. Mkwe aliwahi kuniuliza kama kwetu kuna mtu wa hivi. Mume wangu kanyamaza. Mdogo wa mwanangu huyu nimeacha kumpeleka chanjo, naogopa naye asipate usonji. Nataka nisimpeleke tena mtoto kwa bibi yake. Nakosea?"
Mama Aliyechoka

Pole mwanangu. Umechoka, na anayebisha hajakesha na mtoto huyo. Sasa nikuambie: ndiyo, unakosea.

Umeandika kwa mkono wako kwamba kwa bibi anakula na kulala. Halafu mshitakiwa ni bibi? Unachokiita kudekeza ni kumsoma mtoto. Wengi wenye usonji sauti huwazidi nguvu. Redio ambayo wewe huisikii tena, kwake inaumiza. Anapoziba masikio na kujitupa chini si ukaidi, amezidiwa. Na lile taulo unalolicheka! Wataalamu huwaonyesha watoto hawa picha na vitu ili wajue kinachofuata. Mkwe wako kaligundua hilo kwa kukaa naye chini na kumwangalia. Wewe harusini ulikuwa ukiangalia nyuso za wageni.

Swali la mkwe kuhusu watu wa kwenu lilikuuma, naelewa, kwa sababu kina mama wamesingiziwa mengi. Lakini usonji una mizizi mikubwa ya urithi, na urithi hauchagui upande. Huenda aliuliza kwako baada ya kumkumbuka mtu wa kwao. Ulimuuliza? Hukumuuliza, ulinuna.

La chanjo silifanyii mzaha. Daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, na wenzake waliandika makala mwaka 1998 wakihusisha usonji na chanjo ya surua. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Utafiti mwingi uliofuata haukuona uhusiano wowote. Surua inaua watoto. Mpeleke huyo mdogo wiki hii.

Ndoa za siku hizi nazo! Mnataka nyumba isiyokanyagwa na mkwe, mtoto akiwa mgumu mnalia kwamba hamna msaada. Zamani mtoto alikuwa na mikono mingi. Leo mama mmoja anafungiwa naye ndani, baba anajificha kazini, na mzee mwenye subira anaitwa mchawi. Mume wako kunyamaza si busara, ni woga, nawe umemwachia kwa sababu kugombana na mama yake ni rahisi kuliko kumgusa yeye.

Kwa hiyo nenda kwa mkwe wako, si kumchukua mtoto, bali ukae naye kutwa. Tazama anafanya nini kabla mtoto hajaanza kulia. Uliza taulo analionyesha lini, taa anaipunguza saa ngapi, neno gani halitumii. Yafanye hayohayo kwako, kwa mpangilio uleule, maana mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayomvuruga. Kama hujapata mtaalamu wa kumfundisha kuwasiliana, mtafute sasa, na mkwe aje naye asikilize. Jumamosi mumeo abaki na mtoto peke yake tangu asubuhi hadi jioni, wewe ulale.