Spini hazizunguki, mwalimu

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha fizikia sekondari hapa Kigoma. Wanafunzi wa kidato cha sita waliniuliza kuhusu sumaku ambazo spini za atomi zake, yaani visumaku vidogo vyenye kuelekea upande fulani, zimepangwa kama parafujo. Niliandika ubaoni, "Spini zinazunguka kwa mzunguko," wakacheka. Nisemeje? Na ile mitikisiko inayopita humo, niiite misisimko?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hao vijana wana masikio, waongeze maksi.

Neno mzunguko tumelitwisha mizigo ya kijiji kizima. Damu ina mzunguko, fedha zina mzunguko, ligi ina mzunguko wa kwanza na wa pili, Dunia ina wake wa kulizunguka Jua na mwingine wa kujizungusha. Makutano ya barabara nayo tukayaita mzunguko, ilhali bodaboda wa hapa Tabora anasema kipilefti na abiria anashuka anapotaka. Mfasiri akikwama tu, mzunguko!

Lakini nomino nitaisamehe. Kilichoniudhi ni kitenzi. "Zinazunguka" maana yake ziko mwendoni. Najua kuna mbishi atakayesema: mbona ukuta unazunguka shule na hauendi popote? Haya, tuushike ukuta huohuo. "Ukuta unazunguka shule": umetulia, watoto wanasoma. Sasa futa shule, uache "Ukuta unazunguka." Mlinzi katimua mbio, mkuu wa shule anapigia simu polisi, wazazi wako getini wanadai watoto wao. Rudisha shule, ukuta unatulia tena. Ni yambwa, yaani kile kinachotendewa, inayoushikilia ukuta ule, wala si saruji. Je, spini zako zinazunguka nini? Hazina shule.

Chukua metali ya disprosiamu ikiwa kwenye halijoto kati ya kelvini 85 na 179. Katika tabaka moja la atomi, spini zote zimeelekea upande mmoja. Tabaka linalofuata zimegeuka kidogo, la tatu zimegeuka tena kwa pembe ileile, na kuendelea. Chanzo ni mvutano: tabaka la jirani linataka zielekee pamoja, la jirani wa pili linataka zipingane, na suluhu yao ni kupinda. Akio Yoshimori wa Japani alieleza mpangilio wa namna hiyo mwaka 1959, akichunguza oksidi ya manganizi. Katika silisaidi ya manganizi (manganizi iliyoungana na silikoni), chini ya kelvini 29 hivi, mpindo mmoja kamili una urefu wa nanomita 18 hivi, ingawa huko chanzo ni kingine: fuwele yenyewe haifanani na taswira yake kwenye kioo.

Umeona vitenzi nilivyotumia? Zimeelekea, zimegeuka. Kiambishi -me- kinatueleza kwamba jambo limeshatokea na hali yake ingalipo. Tunacho bure, tumerithi kwa bibi zetu, halafu mtu anakiruka kwa sababu kitabu cha Kiingereza kimeandika spini "zinazunguka".

Na nimeshakupa nomino bila kukutangazia: hesi. Ni ule mfuo uliochongwa kwenye skrubu, unaopanda huku ukijipinda. Parafujo tuliipata kwa Wareno, skrubu kwa Waingereza, na vyote viwili ni kifaa kizima; wewe unataka umbo lake. Sema "mpangilio wa hesi".

Kuhusu misisimko, hasira zangu zimekwisha kwenye ukuta. Msisimko mimi humwachia shabiki wa Simba na Yanga, lakini ukiutumia kwa atomu iliyopandishwa nishati sitakufuata Kigoma kwa treni. Kwa spini lipo neno safi zaidi: wimbi. Tikisa spini moja, jirani zake zinatikisika, mtikisiko unasafiri. Felix Bloch alieleza mawimbi ya spini mwaka 1930, na chembe ya nishati ya wimbi hilo huitwa magnoni. Kwenye hesi ya ile silisaidi ya manganizi, mawimbi marefu yanayofuata mhimili wake hudai nishati zaidi kuliko yenye urefu uleule yanayoukata. Kwenye mawimbi ndipo -na- ile ya "zinazunguka" inapata kazi yake halali, maana kuna kitu kinasafiri kweli.

Basi futa ubao, uandike: "Spini zimejipanga kwa hesi, na mawimbi yanapita ndani yake." Kama kuna atakayecheka tena, mwulize yeye sababu.