Kwa nini mwani unamwaga joto

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako umenikuta Jambiani, maji ya bamvua, kiuno kimekufa kwa kuinamia vigingi. Unauliza: mwani ukishaunasa mwanga wa kijani, mbona unamwaga sehemu ya nishati kama joto kabla ya kuitumia? Si hasara hiyo?

Ni hasara, lakini kuna kitu inachonunua.

Chukua spinosamu yetu, huu mwani mwekundu tunaoulima. Rangi yake nyekundu, fikoeritrini, inanasa mwanga wa nanomita 565 hivi, inaipa nishati rangi ya pili, fikosianini, nayo inaipa ya tatu, alofikosianini, hadi klorofili, nanomita 680. Mwanga ule wa mwanzo una kilojuli kama 212 kwa moli, wa mwisho 176. Zile 36 za tofauti zimeingia majini kama joto, ngazi kwa ngazi, na safari nzima haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Sasa rangi zote zingelikuwa kimo kimoja cha nishati? Nishati ingezurura, mara huku mara kule, mpaka ipotee. Maji yakiwa nyuzi 27, joto huitikisa molekuli kwa kilojuli 2.5 tu kwa moli. Kuipanda tena ile 36 kwa mtikisiko huo, kutoka molekuli moja kurudi moja, ni bahati isiyofika moja kwa milioni. Ndiyo maana hairudi. Joto lililomwagika limeshaongeza entropia ya bahari, yaani mtawanyiko wa nishati yake, na kurudi kungetaka deni hilo lirejeshwe.

Nilipokuwa nikisomesha skuli nilipenda kutaja dema la babaako, ule mtego wa samaki: changu akishaingia, kutoka ndiyo kazi. Leo naona mfano ule una kasoro. Dema halimkati samaki mkia. Mwani unaikata nishati, na ndicho kinachofanya mlango usifunguke kwa ndani.

Wala haukati ovyo. Ungeishusha nishati mno, kilichobaki kisingetosha kuyapasua maji, oksijeni isingetoka, na sukari isingepatikana. Hapo ndipo penye ustadi hasa, kujua pa kusimama.

Kotoni, ule mwani wa aina nyingine, niliyojaribu tena imepauka na kukatika, maji ya kidimbwi yalipata moto mchana. Hilo ni joto jingine, nalo sina mfano wake. Ukija Ijumaa niletee kamba, ile nyembamba.

Mamaako